Kioo cha Pembeni na Mkono wa Fundi

Pikapu inayoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kabichi zikiwa zimerundikwa kupita paa lake, ni kama haina dirisha la nyuma. Kioo cha ndani kinamwonyesha dereva mzigo wake mwenyewe tu. Njia ni kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Nyuma inakuja Coaster yenye haraka, na bodaboda mbili zinatafuta upenyo. Yote hayo dereva anayajua kwa vioo viwili vya pembeni, ambavyo kila kimoja hakipiti sana ukubwa wa kiganja.

Sasa pikapu hiyo iwe Hilux ya miaka ya themanini au tisini, iliyokwisha kunyooshwa bodi na kupakwa rangi upya, ikauzwa Tanga, kisha ikarudi mlimani. Vioo vyake vinatetemeka. Dereva akitupa jicho nyuma anaona rangi zilizochanganyika: nyekundu inaweza kuwa pikipiki, inaweza kuwa kanga ya mama anayetembea kando ya njia. Nataka kumsifu fundi anayejua kukitibu kioo hicho. Sisemi fundi anayejua kukikaza, maana kila mwenye spana anaweza kukaza.

Wenye magari wengi huona kioo kinachocheza ni kero ndogo, ya kungoja hadi breki na tairi zipate haki yake kwanza. Hesabu haikubaliani nao. Kioo kikigeuka digrii 1, mwale unaorudi kutoka kwake hugeuka digrii 2. Ndiyo sheria ya kioo bapa, na wengi wetu tulifundishwa sekondari tukaiacha hapo hapo darasani. Mita 50 nyuma ya gari, digrii 2 ni sawa na mita 1.75 hivi. Maana yake, mtikisiko ambao ukikitazama kioo chenyewe huuoni vizuri unatosha kumhamisha mwenye pikipiki kutoka pembeni mwa barabara hadi karibu na katikati, kisha kumrudisha, mara nyingi katika sekunde moja. Dereva anayekata shauri la kuhama upande kwa kutegemea picha hiyo anabahatisha, na anayebahatishiwa ni mtu mwingine.

Tatizo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, dereva wa mashindano wa Uingereza, aliandika kitabu cha kuwafundisha wanawake mambo ya gari, na humo akawashauri wawe na kioo kidogo cha mkononi cha kuinua pale wanapotaka kuona kilichoko nyuma. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei 1911, Ray Harroun alishinda mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis, Marekani, akiwa peke yake garini. Wapinzani wake walibeba makanika aliyeketi kando ya dereva na kumpa habari za waliokuwa wakija nyuma, kazi ambayo kwetu utingo ameifanya miaka mingi huku akining'inia mlangoni na kupiga bati. Wenzake walilalamika kwamba mtu asiye na makanika atahatarisha maisha yao. Harroun akafunga kioo mbele yake. Kioo hicho kimeingia katika historia ya magari na hutajwa kila panapozungumzwa asili ya vioo vya kutazamia nyuma, lakini aliyoyasema Harroun mwenyewe baadaye hayatajwi sana: uwanja ulikuwa umetandikwa matofali, na kioo kilitikisika hata asione kitu ndani yake. Gari lake lilipita likashinda, na suala la mtikisiko likabaki kwa mafundi.

Kuna fundi mmoja Mombo ambaye napenda kumtazama akifanya kazi. Ni mtu mzima, na gereji yake ni kivuli cha mwembe, benchi la mbao na sanduku la vifaa. Dereva kijana alileta pikapu, akamwamkia, akaeleza shida yake.

"Shikamoo, mzee. Kioo cha kulia hiki kinacheza."

"Marahaba, mwanangu. Kinacheza ukiwa umesimama au ukiwa unakimbia?"

Kijana hakuwa amewahi kufikiria hilo. Fundi akamwambia awashe gari, aliache lingurume bila kukanyaga mafuta, kisha amwambie anachokiona. Tayari alikuwa amegawa ugonjwa mmoja kuwa magonjwa matatu. Injini ya dizeli ya silinda 4, ikizunguka mara 750 kwa dakika, hupata mapigo 25 ya mwako kwa sekunde, na mapigo hayo hupita kwenye chesi, kwenye kebini na kwenye mlango mpaka yakafika kwenye kioo. Kioo kilichoshikwa imara hupokea mapigo hayo yasionekane. Kilicholegea kwenye kiungo kimoja huwa na mtikisiko wake wa asili ulio mpole zaidi, na mtikisiko huo ukikaribiana na mapigo ya injini, viwili hivyo hulishana: picha inakuwa ukungu gari likisimama, halafu inatulia likianza kukimbia. Kioo kinachojikunja polepole kwa upepo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa kina springi iliyochoka. Na kile kinacholia kakaka kwenye njia ya vumbi iliyofanya rasta, mara nyingi ganda lake ni zima. Kilichoachia ni kioo chenyewe ndani ya ganda.

Ndipo vidole vikaanza kazi. Fundi alishika kichwa cha kioo kwa mkono wa kushoto akakitikisa taratibu, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia akakiweka juu ya mstari ambapo kitako cha kioo kinakutana na bati la mlango. Nusu ya kidole kitakoni, nusu mlangoni. Kama vitu viwili vimeshikana, kidole kinavihisi kama kimoja. Kama kuna mwanya wa unywele, kidole kinausikia kabla ya jicho. Alipotosheka na mstari huo alihamia unaofuata, pale kichwa kinapozungukia kwenye shingo, kisha kwenye ukingo wa kioo chenyewe. Anaanza mlangoni na kwenda nje, hata mara moja haanzi nje kurudi mlangoni, kwa sababu ulegevu wa mlangoni hujionyesha kwenye kila kiungo kinachofuata na kukisingizia.

Sehemu hii ndiyo naiheshimu kuliko zote, na ndiyo ambayo mwenye gari hailipii kwa moyo, maana haoni chochote kikifanyika. Anaona mzee ameshika kioo na kunyamaza. Kumbe kazi inakaribia kwisha.

Pikapu za zamani zina vioo vya namna mbili. Kuna vile vya mkono, ambavyo bomba la chuma hutoka mlangoni na kubeba kioo kwa kibanio kilichoshika gololi. Hivi ni vya watu wa kazi: kila nati inaonekana, kila nati inafikiwa, na mafundi wa zamani huvipenda kwa sababu hiyo. Kuna vile vya pembetatu, vinavyokaa kwenye kona ya mbele ya dirisha, vyenye kitako cha plastiki au cha aluminiamu kinachoshikwa na skrubu, kwa kawaida tatu, zilizofichwa kwa ndani chini ya kifuniko. Kukitoa kifuniko kunataka subira. Bisibisi bapa huviringishwa tambara, huingizwa chini ya ukingo na kuinuliwa pole pole, kwa kuwa plastiki iliyokaa juani miaka thelathini haina msamaha, na kifuniko kikishavunjika mtu hukitafuta Gerezani, Dar es Salaam, asikipate isipokuwa amenunua kioo kizima.

Skrubu zikikutwa zimelegea, wengi wangezikaza na kufunga hesabu. Fundi mzuri hujiuliza kwanza kwa nini zimelegea. Mwaka 1969 mhandisi wa Ujerumani, Gerhard Junker, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyobadilisha fikra za wahandisi kuhusu jambo hili. Alionyesha kwamba kinachoifungua bolti hasa ni vipande viwili vilivyobanwa kuteleza kimoja juu ya kingine kwa upande, kwenda na kurudi. Kila mtelezo huiondolea bolti msuguano ulioishikilia, nayo hujizungusha kidogo bila kuguswa na mtu. Dawa ya kwanza, basi, ni mbano wa kutosha kuzuia mtelezo usianze kabisa. Washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja na ambayo kila duka la spea linaiuza kwa sifa nyingi, haisaidii sana katika majaribio ya namna hii. Nati yenye pete ya nailoni ndani yake husaidia zaidi, na nati mbili zinazokabana nazo husaidia, zikifungwa na mtu anayejua ipi ikazwe juu ya ipi.

Nadhani yule mzee hajawahi kulisikia jina la Junker. Lakini nilimwona akitoa chini ya kitako cha kioo kipande kinene cha tyubu ya tairi ambacho fundi mwingine alikuwa amekiweka, akakitupa. Kijana alishangaa, kwa sababu raba ilionekana ndiyo inayozuia mtetemo. Mzee alimweleza kwamba raba nene inapendeza siku ya kwanza, kisha inalala, na ikilala skrubu inabaki haina cha kubana. Alikata nyingine nyembamba kutoka tyubu ya baiskeli, akaifuatisha umbo la kitako kwa mkasi, na katikati, pale skrubu zinapopita, akaacha matundu mapana ili chuma kikutane na chuma. Raba ibaki na kazi ya kuzuia maji ya mvua yasiingie mlangoni. Mbano ubebwe na vinavyoweza kubeba. Mhandisi aliyasema hayo kwa namba na mashine ya majaribio, mzee aliyasema kwa mkasi, na mimi sioni kama mmoja wao alijua kidogo kuliko mwenzake.

Mara nyingine ugonjwa uko ndani zaidi. Bati la mlango halifiki unene wa milimita 1, kwa hiyo skrubu haishiki bati. Inashika nati iliyochomelewa kwa ndani. Miaka ya kufunga mlango kwa nguvu, na chumvi ya hewa ya pwani kwa gari lililokaa Tanga, hulichosha bati kuizunguka nati hiyo. Linapasuka ufa mwembamba, nati inaanza kucheza pamoja na skrubu, na hapo ukikaza mpaka kesho unazungusha vyote viwili. Hakuna namna ila kufungua paneli ya mlango.

Kuifungua kuna ufundi mdogo unaonifurahisha kila niuonapo. Mkono wa kupandishia dirisha umeshikwa na klipu ya waya iliyojificha nyuma yake, mahali ambapo bisibisi haifiki vizuri. Fundi huchukua tambara, hulipitisha kati ya mkono na paneli, hushika ncha mbili, kisha hulivuta huku na huku. Nyuzi za tambara hunasa ncha za klipu na kuifyatua. Klipu huruka, na aliyezoea huwa amekwisha weka kiganja cha kuidaka. Tambara tu, na mlango unafunguka bila mkwaruzo wowote kwenye rangi.

Ndani, ufa hutobolewa kwa drili tundu dogo kwenye kila ncha yake. Ufa husafiri kwa sababu ncha yake ni kali na nguvu zote hukusanyika hapo. Tundu la duara huzitawanya, ufa ukasimama. Kisha hukatwa kipande cha bati nene, upana wa vidole vitatu, kikatobolewa matundu ya skrubu na kuwekwa nyuma ya bati la mlango, ili mzigo wa kioo ugawanywe kwenye eneo kubwa badala ya kuning'inia kwenye vinundu vitatu. Kipande hicho hupakwa rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, ingawa hakuna atakayekiona mpaka fundi mwingine aje kukifungua. Nimeona mafundi wakiruka hatua hiyo ya rangi. Huyu haruki.

Lakini ikiwa kioo kimelegea shingoni, kazi inabadilika tabia kabisa, na hapa ndipo ujuzi wenyewe unapoonekana. Shingo ya kioo lazima ishike na lazima iachie. Kioo kikigonga nguzo ya geti, au bega la mtu kwenye uchochoro wa soko, kinatakiwa kikunjike. Kikigoma, kitavunjika au kitamvunja mtu. Kwa hiyo waliokibuni waliweka springi, na meno madogo yanayokaa kwenye vishimo vyake, ili kioo kitulie mahali pake mpaka nguvu ya kutosha ikisukume. Springi ikichoka, meno hayakai tena. Fundi huifungua shingo, huosha grisi ya zamani iliyoshikana na mchanga, huangalia meno kama yamelika, kisha huongeza washa moja chini ya springi. Unene wa washa hiyo huibana springi zaidi, na nguvu ya springi huongezeka kwa kadiri inavyobanwa. Washa moja ikipungua, anaongeza ya pili. Zikizidi, kichwa kinakuwa kigumu kama kilichochomelewa.

Kipimo hakipo kwenye mashine yoyote pale chini ya mwembe. Mzee huweka kiganja kwenye ukingo wa nje wa kioo na kusukuma. Kikikunjika kwa kidole kimoja, bado. Kikitaka mikono miwili, kimezidi. Anatafuta mahali katikati ambapo kiganja kimoja cha mtu wa kawaida, kikisukuma kwa nia, kinakishinda, na upepo wa barabara kuu haukishindi. Hufungua na kufunga mpaka apate. Siku ile alibadilisha washa nyembamba kwa nene, akarudi kwenye nyembamba, akaongeza kipande cha karatasi ya bati alichokikata kwa mkasi kikawa washa ya tatu. Kijana alikuwa na mzigo wa nyanya uliokuwa ukimngoja na alikuwa anatazama saa. Mzee hakuharakishwa.

Ndiyo maana siwezi kuwasamehe wanaochomelea. Nimeona vioo vilivyopigwa nondo ya kuchomelea shingoni vikawa havigeuki tena, na mwenye gari ameridhika kwa kuwa havichezi. Nimeona vilivyofungwa kwa waya, vilivyojazwa silikoni kila upenyo, vilivyopigiwa njiti za kiberiti kwenye matundu ya skrubu. Najua sababu moja ya mambo hayo, na ni sababu nzito: wizi. Dar es Salaam na Nairobi watu huchora namba za gari kwenye vioo na kuvipiga ribiti ili mwizi asivichomoe, na aliyeibiwa jana hana budi kwenda Gerezani au Kirinyaga Road, wanakokuita Grogan, kununua kioo cha gari jingine. Namwelewa mtu huyo. Hata hivyo ribiti ziwekwe kwenye kioo, kati yake na ganda. Shingo iachwe igeuke.

Kioo chenyewe pia kina mtego. Kikivunjika, wapo wanaokata kipande kutoka kioo cha ukutani na kukibandika. Kinang'aa, kinapendeza, lakini kama cha awali kilikuwa kimebinuka, dereva amepoteza sehemu kubwa ya alichokuwa akikiona pembeni, na anachokiona sasa kinaonekana karibu kuliko alivyozoea kukisoma. Bora kutafuta kipande cha namna ile ile kutoka kioo kilichokufa, hata kiwe na doa pembeni.

Kazi ikiisha, yule mzee hakabidhi gari kwa kuonyesha kwamba kioo hakichezi. Humwambia dereva aingie, akae kama anavyokaa safarini, si kwa kuegemea mbele kwa heshima ya fundi. Gari likiwa na mzigo, humtaka alete na mzigo wake, kwa kuwa Hilux iliyolemewa nyuma huinua pua, na kioo kilichowekwa gari likiwa tupu hutazama ardhi. Kisha yeye mwenyewe hutembea nyuma ya gari, kutoka upande wa kushoto kwenda kulia, dereva akitaja kila anapomwona na kila anapompoteza. Hurekebisha, hutembea tena. Watoto waliokuwa wakicheza karibu humfuata wakidhani ni mchezo, na dereva huwataja nao.

Mwenye pikapu huambiwa arudi baada ya safari chache za milimani. Raba mpya hulala kidogo, rangi iliyobanwa chini ya washa husagika, na mbano wa siku ya kwanza hupungua hata kama hakuna kilichoharibika. Mzee hutoa kifuniko kwa tambara na bisibisi, huongeza mkazo kiasi kinachohitajika, hujaribu kukunja kichwa kwa kiganja, hukirudisha kifuniko. Kwa ujio huo wa pili hadai kitu. Anauhesabu kuwa ndani ya bei ya kwanza.